Kiti cha Mlango wa Nyuma

Mamlaka ya Usalama wa Vyumba vya Abiria ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba, katika mwaka mzima uliokwisha, hakuna ndege hata moja iliyoruka na mkaguzi wetu ndani bila mkaguzi huyo kupata pa kukaa. Haya ni mafanikio ya asilimia mia moja, na mimi ninayeandika nimeyachangia kwa makalio yangu mwenyewe.

Mimi ni Mkaguzi Daraja la Pili. Daraja la Tatu halipo, na la Kwanza ni Mkurugenzi, kwa hiyo msinionee wivu.

Cheo hiki nimekifikia kwa kuzunguka sana. Shule niliingia na kutoka kama mtu anayetafuta choo. Nimepika melini, nimeshona miavuli, nimelinda maktaba moja kubwa na kusoma rafu zote nilizoweza kuzifikia bila kuinuka kitini. Ndiyo maana najua mengi kuhusu nyuki na sijui lolote kuhusu nyota. Tangazo la kazi lilitaka mtu "mwenye uzoefu mpana wa safari". Kwenye usaili Mkurugenzi aliniuliza swali moja tu.

"Unaogopa ndege?"

"Hapana, mheshimiwa. Sijawahi kupanda."

Akaandika kwenye faili langu: *Hana upendeleo.* Wiki iliyofuata nikapewa tai, kitambulisho, na kibao cha kubania karatasi.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe. Mkaguzi hupanda ndege na fomu yenye vifungu mia moja na arobaini, na kila kifungu hujibiwa NDIYO au HAPANA. Kifungu cha kumi na nne: je, tabasamu la mhudumu limeonekana mpaka safu ya mwisho? Kifungu cha hamsini na mbili: je, mkaguzi amepewa maji? Mambo mazito. Kuhusu mahali pa kukaa, mwongozo umenyooka kama rula. Mkaguzi asikalie kiti cha abiria, maana shirika litalalamika. Asisimame, maana ni hatari. Asikae na rubani, maana rubani hapendi. Kwa hiyo atakalia kiti cha kukunja kilichopo mlango wa nyuma, ambako macho yake yatafika kila mahali.

Kiti hicho, kwa asiyejua, ni cha mhudumu wa nyuma. Kimeshikizwa ukutani, hatua moja kutoka mlangoni, na mikanda yake hukukamata mabega na kiuno kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Anayekikalia ana wajibu mmoja: mambo yakiharibika, afungue mlango na kuwatoa watu. Hayo niliyasoma mwanzoni kabisa. Niliyaona ni mambo ya wahudumu, nikafungua ukurasa wa pili.

Ukaguzi wangu wa kwanza ulikuwa kwenye ndege ndogo ya abiria hamsini, yenye wahudumu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Wa nyuma alikuwa mama wa makamo ambaye wenzake wote walimwita Mama Mkanda, kwa sababu hapiti safu bila kuvuta mkanda wa kila abiria, hata wa padri, hata wa waziri. Miaka ishirini na mbili yuko angani. Alinikuta nimeshakaa.

"Shikamoo, mzee wangu. Hapo huwa nakaa mimi wakati wa kuruka na kutua."

"Marahaba, mama. Leo hapo inakaa Mamlaka."

"Na mimi je?"

Nikafungua mwongozo. "Haujasema."

"Haujasema, au hujafika ukurasa huo?"

"Mama, mimi nakagua. Sikaguliwi."

Alinitazama kama anavyotazama sanduku lililokataa kuingia kwenye kabati la juu ya abiria. Kisha akainama kunifunga mikanda, maana wa bega nilikuwa nimeupitisha kwapani na wa kiuno nilikuwa nimeukalia. Akaenda kukaa safu ya kumi, kwenye kiti kilichokuwa wazi.

Tukaruka vizuri. Maji nilipewa. Tabasamu liliniona nami nikaliona. Tulipoanza kushuka nikafika kifungu cha themanini na saba: *Wakati wa kutua, je, mhudumu wa nyuma ameketi kwenye kiti chake?*

Nikageuka kulia: hayupo. Nikageuka kushoto: hayupo. Nikainama kuchungulia chini ya kiti, ili nimtendee haki: hayupo. Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Herufi zilipinda kwa uzito wa jambo lenyewe, na pia kwa sababu matairi yalikuwa yanagonga lami.

Mwezi uliofuata nikamkuta tena, nikaandika HAPANA tena. Mara ya tatu ndege ilikuwa imejaa, kiti pekee cha wazi kikiwa safu ya tatu, kule mbele kabisa. Safari hii niliongeza maoni: *Mhudumu anaonekana kuzidi kusogea mbali na mlango. Huenda anauogopa.*

Niliona nimeandika vizuri. Sentensi fupi, yenye huruma ndani yake.

Kwa kanuni zetu, HAPANA tatu kwenye kifungu kimoja ni leseni ya mhudumu kufutwa. Kinachobaki ni Kamati kukutana na kuthibitisha. Barua ikaenda kwa Mama Mkanda, na barua nyingine ikaja kwangu: pongezi. Mkurugenzi alinisimamisha mbele ya ofisi nzima, akanishika bega. "Huyu," alisema, "ameona kilichowashinda wengi. Mlango bila mtu! Mara tatu!" Makofi yakapigwa. Nilitaka kulia.

Barua ya pongezi nilienda nayo nyumbani, kwa dada yangu mkubwa, ambaye amenihifadhi tangu nilipochoka kuzurura. Alikuwa anapiga pasi shati langu la kazi. Nikamsomea yote, pamoja na namba ya kumbukumbu.

"Hongera," akasema. "Kwa hiyo huyo mama hakukaa kitini kwake."

"Hakukaa."

"Kiti kilikuwa kimevunjika?"

"Kizima kabisa. Kina hata mto mdogo wa kichwa."

"Umejuaje kina mto?"

"Nilikuwa nimeuegemea."

Pasi ikasimama hewani. Dada yangu alifundisha darasa la pili miaka thelathini, na ana namna ya kusubiri mpaka jibu lije lenyewe. Nilisubiri naye. Nilidhani tunasubiri kitu kingine.

"Mdogo wangu," akasema mwishowe, taratibu, kama anayemwonyesha mtoto herufi. "Wewe ulikaa wapi?"

"Mlango wa nyuma."

"Kwenye kiti cha nani?"

Nikaitazama barua ya pongezi, nikaona jinsi mhuri wake ulivyokaa upande.

"Na mwongozo..." nikaanza.

"Simwulizi mwongozo. Nakuuliza wewe, mwenye hayo makalio."

Shati likaanza kutoa moshi. Hatukuligusa.

Kesho yake asubuhi niligonga kwa Mkurugenzi. Chumba chake kina zulia zito, feni mbili, na ukuta mzima wa picha: Mkurugenzi akiwa kwenye kile kiti cha kukunja, katika ndege mbalimbali, gazeti mapajani, mikanda ikiwa imefungwa vizuri na mhudumu aliyeonekana mkono tu pembeni ya picha. Yeye mwenyewe amefanya kaguzi mia mbili na kumi na mbili, nyingi zikiwa kwenye njia zinazoishia ufukweni.

"Mheshimiwa, kuna kosa kwenye zile fomu zangu."

"Tahajia?"

"Hapana. Yule mama hakukaa kitini kwake kwa sababu nilikuwa nimekikalia mimi."

Alicheka kwa upole mkubwa, akanikaribisha kiti. "Mzee wangu, wewe bado mgeni. Kisheria, mkaguzi hayumo ndani ya ndege."

"Lakini nilikuwemo."

"Mkaguzi ni jicho. Jicho haliketi. Ukisema jicho limeketi, itabidi kila ndege ihesabiwe mtu mmoja zaidi, uzito ubadilike, fomu ziandikwe upya, na watu waanze kuuliza. Kwa hiyo Mamlaka imekubaliana kwamba mkaguzi hana mwili."

"Hana kabisa?"

"Wakati wa kazi tu. Ukishuka unarudishiwa."

Nikamuuliza kama naweza kuziondoa fomu zangu. Akasema inawezekana kabisa, kuna fomu ya kuondoa fomu. Nikiijaza nitakuwa nimekiri kwamba ukaguzi ulikuwa wa uongo, na mkaguzi wa uongo hufukuzwa siku hiyo hiyo kabla ya chakula cha mchana. Ningekuwa mtu mwema ningeijaza pale pale. Nilisema nitaifikiria, nikaaga, na nikachukua peremende moja kwenye bakuli lake. Niseme kweli, zilikuwa mbili.

Kwenye ngazi nikakutana na Mama Mkanda, amekuja kusaini kwamba ameipokea barua ya kuitwa mbele ya Kamati. Amevaa sare yake kamili, kana kwamba ana safari.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, mimi ndiye..."

"Najua wewe ndiye. Nilikufunga mikanda mara tatu."

"Wakikunyang'anya leseni utafanya nini?"

"Hakuna shirika litakalonichukua tena. Nina mama mgonjwa na wapwa wawili wanaosoma." Akaweka sawa kitambaa cha shingoni. "Lakini siyo hilo linalonikosesha usingizi, mzee. Mara zile tatu zote, tulipokuwa tunatua, nilikuwa napiga hesabu: likitokea jambo, nitawapita watu wangapi mpaka nikufikie? Na nikikufikia, nitakutoaje?"

Nilimpa ile peremende ya pili.

Kanuni inasema Kamati ikutane mahali panapofanana na palipotendeka kosa. Kwa hiyo tulikutana kwenye chuo cha wahudumu, ndani ya kibanda cha mafunzo. Ni kipande cha ndege halisi kilichokatwa na kuwekwa juu ya vyuma ndani ya ukumbi, na kina safu sita za viti, mlango wa nyuma unaofunguka kweli, na mtelezo wa mpira unaojijaza hewa mlango ukifunguliwa. Pale chini limetandikwa godoro. Wajumbe wa Kamati ni watatu: Mkurugenzi, Mwanasheria wa Mamlaka, na mjumbe wa tatu ambaye hajateuliwa bado lakini huwekewa chupa ya maji.

Mwanasheria alikaa safu ya mbele, faili mapajani. Mkurugenzi aliingia, akaangaza macho, na miguu yake ikampeleka yenyewe kwenye kiti cha kukunja cha mlango wa nyuma. Alikaa, akainua mikono kidogo, akasubiri. Mama Mkanda, mshtakiwa, akamfunga mikanda. Mazoea ni kitu kigumu kwa wote wawili.

"Mshtakiwa," Mwanasheria akaanza, "unakubali kwamba mara tatu ndege ilitua na wewe hukuwa kwenye kiti chako?"

"Nakubali. Kilikuwa na mtu."

"Futa 'mtu'," Mkurugenzi akasema. "Kilikuwa na mkaguzi."

Wakaniita mimi kuwa shahidi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, nimeyaandika kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa imebaki nyumbani, mfukoni mwa lile shati lililoungua.

"Waheshimiwa," nikasema, "kwenye kiti kile nilikuwa mimi."

"Shahidi anajua kwamba mkaguzi hana mwili?" Mwanasheria akauliza.

"Mimi nina kilo themanini na tisa, bwana mkubwa, na nina mgongo unaouma tangu enzi za melini. Fomu zile nilijaza vibaya. Kosa la yule mama ni mimi."

"Unajua maana ya unachokisema?" Mkurugenzi akafoka. "Kazi huna!"

"Najua. Ila naomba nimalizie mwezi."

Hapo sikuonyesha ushujaa wowote, lakini ndivyo nilivyosema, na iko kwenye kumbukumbu.

Saa ya ukutani ilikuwa inafika nne kamili. Mkufunzi wa chuo alikuwa na ratiba yake: saa nne, zoezi la moshi, wanafunzi kumi na mmoja wasimame nje na watazame kupitia madirishani. Barua ya Mamlaka ya kumwomba aahirishe ilikuwa imetumwa kwa njia zote zilizo sahihi, na kwa sababu hiyo haikuwa imefika. Alijua kuna watu ndani ya kibanda, akadhani ni kundi la kwanza la mazoezi. Akabonyeza.

Kengele ikalia. Taa zikazimika. Moshi ukaanza kupanda kutoka sakafuni, ule wa maigizo usiodhuru mtu, lakini hakuna aliyetuambia kwamba ni wa maigizo.

"Fungua mlango!" Mwanasheria akapiga kelele.

Mwenye mlango alikuwa Mkurugenzi. Nilimwona akinyoosha mkono kwenye mpini, mikanda ikamrudisha. Akaishika kufuli ya mikanda, akaivuta. Kufuli ile huwa inazungushwa. Akaivuta zaidi. Kaguzi mia mbili na kumi na mbili, na hajawahi kujifungua mwenyewe hata mara moja.

"Kuna nani hapo?" akaita. "Mhudumu! Kuna mhudumu?"

Sauti iliyotoka kwenye moshi sijawahi kuisikia kwa mwanadamu, na nimefanya kazi jikoni kwenye meli.

"FUNGUA MIKANDA! ACHA MIZIGO! NJOO HUKU!"

Mama Mkanda akampita Mkurugenzi kwa juu, goti likimkandamiza paja, akazungusha mpini, akausukuma mlango. Mtelezo ukajaa kwa mlio. Mimi nilikuwa wa kwanza kutoka. Nasema hivyo bila fahari. Nyuma yangu nilisikia Mwanasheria akisema, "Faili langu!" na yule mama akisema, "ACHA MIZIGO!" na Mwanasheria akanishukia mgongoni bila faili na bila kiatu kimoja. Wa mwisho akawa Mkurugenzi. Alizungushiwa kufuli, akainuliwa kwa ukosi wa koti, akasimamishwa mlangoni.

"Mimi ni Mkuru..."

"RUKA!"

Akaruka. Cheo kilichobaki akakimalizia kwenye godoro.

Wanafunzi kumi na mmoja walipiga makofi. Mkufunzi alikuja na saa yake mkononi na karatasi, maana kila zoezi lazima lirekodiwe, na yeye ni mtu wa utaratibu kama sisi.

"Abiria wote wametoka, vizuri sana," akasema. "Ila aliyekalia kiti cha mlango ameshindwa. Sekunde arobaini na hajagusa mpini. Jina na cheo, mzee?"

Mkurugenzi akakaa juu ya godoro, akakung'uta koti. "Mimi sikuwa kwenye kiti hicho. Mimi nilikuwa nakagua."

Mkufunzi akawageukia wanafunzi. Wakamwonyesha kwa vidole, wote kumi na mmoja.

"Basi nani alikuwa amekaa pale?" Mkufunzi akauliza, kwa nia njema kabisa. "Kama hapakuwa na mtu, itabidi niandike kwamba Mamlaka imefanya zoezi na mlango hauna mlinzi. Hilo ni kosa la kufunga ofisi."

Mkurugenzi alimtazama Mwanasheria. Mwanasheria, na soksi yake moja hewani, alifikiri muda mrefu. Niliona anapitia vifungu vyote kichwani, anatafuta mlango wa kutokea.

"Mheshimiwa," akanong'ona, "nashauri kwamba ulikuwepo."

"Na mwili?"

"Nao pia. Kwa bahati mbaya."

Hivyo ndivyo Mamlaka ilivyopata mwili. Kama wakaguzi wana miili, kiti kilikuwa na mtu, na Mama Mkanda hana kosa. Mkurugenzi alisaini hapo hapo kwenye godoro, akiandikia goti la Mwanasheria. Lakini Mwanasheria ni mtu makini, na akishaanza kufuata jambo hulifuata mpaka mwisho wake. Akaeleza kwamba kila HAPANA ya kifungu cha themanini na saba, iliyoandikwa na iliyopaswa kuandikwa, sasa inamrudia aliyekuwa amekalia kiti. Mimi ninazo tatu, yaani nimefutiwa mara moja. Mkurugenzi anazo mia mbili na kumi na mbili. Amefutiwa mara sabini, na mbili zimebaki akiba.

Kanuni haisemi aliyefutiwa afukuzwe, kama hajawahi kuwa na leseni. Inasema afundishwe, wiki sita, na mwalimu mwenye uzoefu usiopungua miaka ishirini. Mwalimu wa namna hiyo yuko mmoja tu.

Tulianza Jumatatu. Tumepewa ovaroli. Mimi naweza kuzungusha kufuli sasa, ila mpini naugeuza kinyume. Mkurugenzi ana nguvu za kutosha. Shida yake ni amri. Ndege inatakiwa iwe tupu ndani ya sekunde tisini. Kengele ililia, moshi ukapanda, akasimama mlangoni, akaweka tai sawa juu ya ovaroli, akakohoa kidogo.

"Kwa niaba ya Mamlaka, na kwa niaba yangu binafsi," akaanza, "napenda kuchukua fursa hii kuwaomba abiria wote, kwa heshima na taadhima, bila kuwasahau walio safu za nyuma, ambao mchango wao..."

Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamekaa vitini kama abiria, mikanda imefungwa, wanamsikiliza. Mmoja alikuwa ameanza kuandika. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeshika mpini, nasubiri amalize, maana huwezi kufungua mlango bosi anahutubia.

Mama Mkanda akazima saa.

"Wote mmekufa," akatuambia, kwa upole kabisa. "Tuanze tena."